Korongo la Masakta na Mvua Zisizokaguliwa

Korongo linalopita katikati ya shamba la Mama Bura, kule Masakta, nililitengeneza mimi. Sikushika jembe. Nilitumia kamba, pima maji na vigingi, nikafuata kitabu cha mwongozo ukurasa kwa ukurasa, na kwa kazi hiyo nikapewa cheti chenye muhuri. Cheti ninacho hadi leo, kiko kama kilivyokuwa. Korongo limekua.

Nimestaafu ugani wa kilimo mwaka huu, baada ya kuzunguka Mbulu na Hanang kwa miaka mingi kuliko niliyoishi kwetu Njombe. Vijana walioniaga waliniomba niandike machache yatakayowafaa kazini. Nadhani walitarajia niwaeleze namna ya kupanda vyeo, jambo ambalo sina ujuzi nalo. Ninachokijua kidogo ni udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi. Nao nilichelewa kuujua, kwa sababu wakati wa kuutazama ndio wakati ambao magari yetu hayafiki.

Siku ya kwanza niliripoti Dongobesh nikiwa na viatu vya kamba vilivyong'arishwa. Mkuu wa kituo alivitazama kwa muda, kisha akamwita mpima wetu, Mzee Gidabu, akamwambia anipeleke shambani mara moja, kabla sijavizoea. Mzee Gidabu alikuwa mwenyeji, mrefu, mwenye maneno machache, na alitembea na ufito aliouchonga alama kila shubiri.

"Shikamoo, mzee," nilimwambia.

"Marahaba. Kwenu udongo ni mwekundu?"

"Ndiyo. Umejuaje?"

"Unatembea bila kutazama chini."

Ulikuwa mwezi wa kumi, nchi imekauka. Shamba alilonipeleka lilikuwa limekatika vipande vipande, kila kimoja ukubwa wa meza, na kati ya kipande na kipande kulikuwa na ufa wa kuingia mkono. Mzee akautumbukiza ufito kwenye ufa mmoja, ukazama shubiri sita bila kugusa chini. Mwenye shamba alikuwa anafua pale pembeni. Mzee akamwomba maji ya mapovu aliyotaka kuyamwaga, ndoo nzima, akayamimina ardhini. Yalikimbilia kwenye ufa yakapotea, na uso wa ardhi ukabaki kama haujaguswa.

"Umeona nini?" akaniuliza.

"Udongo unapokea maji vizuri sana."

"Andika hivyo hivyo. Mwezi wa nne tutarudi, uandike tena."

Tuliporudi mwezi wa nne, mahindi yalikuwa kifuani na hakukuwa na ufa hata mmoja. Mzee akamimina ndoo nyingine katikati ya mistari. Maji yalisimama kidogo, yakatafuta mteremko, yakaondoka yote, yakiwa meusi kama kahawa. Nilimuuliza kama lile lilikuwa shamba lile lile. Akasema ndilo, ila sasa limeshiba.

Kwa wale waliokulia kwenye udongo mwekundu kama mimi, nieleze mara moja. Udongo huu mweusi wa mfinyanzi huvimba ukilowa na husinyaa ukikauka. Mvua za kwanza huingia kwenye nyufa moja kwa moja na kushuka chini. Hata mvua ya kutisha haitiririki juu ya ardhi. Baada ya wiki kadhaa udongo unavimba, nyufa zinafunga, na kuanzia hapo hata mvua ya kawaida hukimbia kama iliyonyesha juu ya bati. Tena kiangazi kile tabaka la juu huwa limevunjika kuwa chenga ndogo kama ulezi, zisizoshikana. Maji yanayokimbia huzikuta tayari kwa safari. Kwa hiyo mvua ya kuogopa ni ile ya katikati ya msimu, wakati mkulima anawaza magugu na ofisi inawaza taarifa ya robo mwaka.

Haya yote niliyaona mapema, kwa macho yangu, na Mzee Gidabu. Kwa hiyo sina kisingizio kwa yaliyofuata.

Ulikuja mradi wa kuhifadhi ardhi, nasi tukahamishiwa Masakta, mimi na mzee. Mradi ulikuja na kitabu cha mwongozo chenye picha za rangi. Nilikipenda tangu siku ya kwanza. Udongo wa kwenye picha ulikuwa mwekundu kama wa nyumbani, milima ni kama ya nyumbani, na yale matuta ya kukinga maji yalikuwa yamejipanga vizuri mno. Kitabu kilisema shamba lenye mteremko likatwe kwa matuta yanayoshikilia maji hadi yazame. Hakikusema kama udongo wenyewe utakubali yazame.

Shamba la mfano likachaguliwa kuwa la Mama Bura. Alikuwa mjane wa makamo mwenye watoto wanne, na lile ndilo shamba lake pekee: mteremko mdogo wa udongo mweusi, nyumba juu, mpaka wa shemeji yake Tarmo upande wa kulia. Alikubali haraka kwa sababu kila mwaka aliona maji yake yakitoka meusi. Aliamini tulikuja kuyazuia. Nami niliamini hivyo.

Tulipima mwezi wa kumi, nyufa zikiwa wazi. Mimi nilikuwa nasoma pima maji, Mzee Gidabu ameshika ncha ya kamba upande wa pili. Mama Bura alitufuata nyuma, akitazama chini.

"Bibi shamba, hizi nyufa zinapita chini ya tuta lako kama njia za panya."

"Mvua ikinyesha zitajifunga, mama."

"Zitajifunga kabla maji hayajafika, au yakishafika?"

Nilifungua kitabu. Swali hilo halikuwa na sura yake. "Baada ya muda," nikasema.

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma."

Njiani kurudi nilimuuliza Mzee Gidabu kama mama yule alikuwa na hoja.

"Anayo."

"Sasa mbona ulinyamaza, mzee?"

"Ningekupinga mbele ya mwenye shamba, kesho nani angekusikiliza?"

"Ungeniambia wakati wa kwenda."

"Wakati wa kwenda ulikuwa unanisomea kitabu."

Hili ni kosa ninaloliona bado kwenye ofisi zetu. Mwenyeji anajua, lakini heshima inamkataza kumwaibisha mtaalamu hadharani, na mtaalamu hampi nafasi ya faragha. Kila mtu amefanya adabu yake, na kazi imeharibika. Ningeweza kusimamisha vigingi kesho yake. Sikufanya hivyo, kwa sababu wakaguzi wa mradi walikuwa wameshapangiwa safari.

Majirani walikuja kwa siku mbili, wakachimba mifereji na kuinua matuta matatu, Mama Bura akawapikia makande. Mvua ya kwanza ilinyesha wiki moja baadaye, mvua kubwa ya mchana mzima. Siku ya tatu barabara ilikuwa bado inapitika na gari la wakaguzi likafika. Walitembea juu ya matuta. Hakukuwa na alama ya maji kukimbia, hakukuwa na tope mfereji mzima. Kiongozi wao akageuka akatuambia sote kwa furaha kwamba halijapotea hata tone moja.

Ilikuwa kweli kabisa. Tarmo, aliyekuwa amesimama kwenye mpaka wake mikono nyuma, akasema kwa upole, "Na kwangu halijapotea, mheshimiwa. Na mimi sina tuta."

Watu wakacheka. Mpiga picha akamwomba asogee kidogo, alikuwa anaziba tuta la pili.

Hakuna aliyevuka mpaka kutazama shamba la Tarmo. Ilikuwa hatua ishirini tu. Lingekuwa limewaonyesha kwamba mvua ile ilikuwa imeingia kwenye nyufa, kwake na kwa jirani, na matuta hayakuwa na kazi yoyote ya kufanya siku hiyo. Lakini chakula kilikuwa kinapoa, na cheti changu kilikuwa kimeshaandikwa jina.

Mwezi wa tatu mvua ilinyesha siku tano mfululizo. Udongo wa Masakta ukilowa hufunga magurudumu hadi gari linasimama kama limevaa viatu vya zege, kwa hiyo nilishuka kwenye lami na kutembea. Nilibeba gambuti mkononi kwa sababu zikiwa miguuni zilikuwa zinabaki nyuma. Nilimkuta Mama Bura amesimama na jembe juu ya tuta la pili, au juu ya kile kilichobaki.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone maji yako."

Kilichotokea kilikuwa rahisi kukielewa baada ya kutokea. Ardhi ilikuwa imeshafunga, kwa hiyo maji hayakuzama. Yalikusanyika nyuma ya tuta kama tulivyoyaagiza. Lakini chini ya tuta lenyewe, palipokuwa pakavu zaidi, nyufa hazikuwa zimeziba vizuri. Maji yakapata mmoja, yakaupanua hadi ukawa tundu la mkono, kisha tundu la mtoto kupita, kisha tuta likakaa chini. Maji yote yaliyokusanyika juu yakapita hapo, kwa mara moja.

"Zamani yalikuwa yanapita shamba zima," Mama Bura alisema. "Yanachukua kidogo hapa, kidogo pale. Wewe umeyakusanya, ukayapa mlango mmoja."

Nimehudhuria semina nyingi baada ya siku ile. Hakuna iliyoeleza jambo hili vizuri zaidi, wala kwa ufupi zaidi.

Nikaandika taarifa. Niliandika kwamba tulikosea, na nikaeleza kwa nini. Jibu lilikuja kwa lugha ya heshima: wakaguzi walikuwa wameshathibitisha kwamba matuta ni imara, hivyo kasoro niliyoitaja haiwezi kukubaliwa hadi waje wenyewe, na watakuja barabara itakapopitika. Walikuja mwezi wa nane. Shamba lilikuwa limekauka, nyufa zimefunguka tena, na korongo changa lilikuwa limelala pale kavu bila dalili ya aliyelichimba. Walikagua kwa makini. Wakaona nyayo za ng'ombe. Wakaandika kwamba chanzo ni mifugo, na wakapendekeza matuta yaongezwe kimo.

Hapa ndipo ninapoona haya zaidi. Nilijua. Nilikuwa na daftari lenye habari za zile ndoo mbili. Na bado nikaongeza kimo, kwa sababu maagizo yalikuja kwa maandishi na maneno ya Mama Bura yalikuja kwa mdomo. Mwaka uliofuata matuta yalipasuka sehemu tatu, maji yakaungana, na korongo likaanza kupanda.

Ndiyo, linapanda. Mtu asiyelijua korongo hudhani linashuka kwa kuwa maji yanashuka. Maji yanapodondokea kwenye kichwa chake huchimba kwa chini, udongo wa juu unakosa pa kukaa, unaanguka bonge zima, na kichwa kinarudi nyuma hatua moja. Kila msimu hatua kadhaa. Kichwa cha korongo la Mama Bura kilikuwa kinaelekea juu, na juu kulikuwa na nyumba yake.

Nilihama Masakta mara mbili kwa maagizo ya ofisi, nikaenda Endagikot, nikarudi. Kila niliporudi nilikwenda kwanza kwake. Wenzangu walidhani tuna undugu.

Mimi na Mzee Gidabu tukatengeneza jaribio letu wenyewe, bila mradi. Tulizungushia mabati ya zamani vipande viwili vya shamba, kila kimoja na pipa chini yake la kupokea maji yanayokimbia. Kimoja tulikilima na kukiacha wazi, kingine tulikifunika mabua. Wiki za mwanzo mapipa yalikuwa makavu. Kwenye moja buibui alikuwa ameshajenga. Mtu angepita siku hizo angeandika kwamba Masakta hakuna mmomonyoko. Kisha nyufa zikafunga, na pipa la kipande kilichoachwa wazi likawa linajaa na kumwagika kabla hatujafika kulisoma. Pipa la kipande chenye mabua nalo lilipata maji, lakini machache, tena maangavu: unauona mkono wako ukiutumbukiza.

Kwa hiyo, vijana, msiniulize tena mvua imenyesha kiasi gani. Niulizeni nyufa zilifunga lini. Mzee Gidabu alinifundisha kupita kila asubuhi na kuingiza kidole mahali palepale. Siku kidole kinapokataa kuingia, siku hiyo ndiyo msimu wa mmomonyoko unaanza, na shamba liwe limeshafunikwa na mimea. Nimetumia vifaa vya gharama vilivyosema hivyo hivyo, ila vilihitaji betri.

Matuta tuliyabomoa. Badala yake tulilima matuta mapana, ya chini, yenye mifereji inayotoa maji polepole hadi kwenye njia moja tuliyoipanda nyasi, mbali na korongo. Mahindi yalichanganywa na mbaazi, kwa sababu mbaazi hubaki imesimama na majani wakati mahindi yameshavunwa. Na mabua yakaachwa shambani.

Hilo la mabua ndilo lililokuwa gumu. Kwa desturi ya pale, mavuno yakishatoka mashamba yote ni malisho ya wote. Ng'ombe huingia popote. Mama Bura aliweka miiba kuzunguka sehemu ya juu ya korongo, na siku ya pili Tarmo akafika na ng'ombe wake.

"Shemeji, unawanyima ng'ombe wangu mabua?"

"Nayanyima maji, shemeji. Ng'ombe wamejikuta tu katikati."

"Tangu babu zetu, mavuno yakitoka shamba ni la wote."

"Sawa. Na korongo nalo ni la wote? Chukua nusu yako uiweke kwako."

Tarmo alicheka hadi akashikilia fimbo yake, akaondoka na ng'ombe. Kesho yake waliingia kwa upande wa nyuma. Mambo yalikwenda hivyo kwa misimu mitatu, kila mmoja akimsalimia mwenzake vizuri na kuijenga au kuibomoa ile miiba. Mimi niliitwa mara nyingi kusuluhisha, nikaeleza habari za mfinyanzi kwa kirefu, Tarmo akanisikiliza kwa adabu zote. Aliacha siku korongo lilipotoa tawi, na tawi likageukia mpaka wake. Wiki hiyo alikuja mwenyewe na mzigo wa miiba, akamwambia Mama Bura kwamba amekuwa akifikiria jambo hili kwa muda mrefu.

Baada ya hapo kichwa cha korongo kilisimama. Nyasi zilishika kingo, mbaazi zikasimama juu yake, na kwa misimu kadhaa mawe niliyopanga kuonyesha mahali kilipofika hayakuanguka hata moja. Nilianza kuwaleta wageni. Niliwaleta mwezi wa tatu, kwa miguu, na nikagundua kwamba wageni wanaokubali kutembea kwenye tope lile ni wachache lakini hawahitaji kuelezwa mengi.

Nilitaka kuishia hapo, maana ni mahali pazuri kwa mtu anayestaafu. Lakini mwezi wa kumi mwaka huu nilikwenda kumkabidhi kazi afisa aliyechukua nafasi yangu, Rehema, binti kutoka Tabora. Kiangazi kilikuwa kirefu kuliko nilivyozoea. Kati ya kichwa cha korongo na jiko la Mama Bura, ambalo limeungana na chumba chake, tulikuta ufa mpya. Umepinda kufuata umbo la kichwa cha korongo, kama mtu ameshauchora mkato utakaofuata. Rehema aliteremsha kamba yenye jiwe. Ilikwisha kamba.

Mama Bura sasa ni bibi, anatembea na fimbo. Tarmo na wanawe walikuwa wameshamshauri ahamie kwa mwanawe mkubwa.

"Nyumba hii niliijenga kabla bibi shamba hajaja na kamba yake," alituambia. "Korongo ndilo mgeni. Lihame lenyewe."

"Bibi, tunaomba uhame kwa msimu mmoja tu," Rehema alisema.

"Na nikirudi nikute nini, mjukuu wangu?"

Rehema alinitazama. Nilimweleza ninachokijua, nacho hakitoshi. Msimu ukianza na manyunyu ya siku kadhaa, udongo utavimba polepole, ufa utafunga, na bonge lile litabaki mahali pake. Ukianza na mvua kubwa ya ghafla, maji yataingia kwenye ufa wote kabla haujafunga, na bonge litaondoka, pamoja na jiko. Tumeujaza ufa udongo mkavu na kuufunika mabua. Inaweza kusaidia. Tumechimba mfereji mdogo juu yake wa kugeuza maji. Huo nao unaweza kusaidia, au kupasuka kama yale matuta.

Rehema aliandika ofisini kuomba mtaalamu wa ardhi. Alijibiwa haraka, kwa lugha ya heshima, kwamba watakuja kukagua mara baada ya mvua ya kwanza, barabara ikiwa bado inapitika.

Naandika haya mwezi wa kumi na moja. Mawingu yamekaa upande wa mlima kwa siku tatu, na mvua haijanyesha. Jana Rehema alinipigia simu kwamba Mama Bura ameondoa vyombo vyote jikoni, akavipanga chumba cha mbele. Kitanda hajakihamisha.